Sanda ya Mlango wa Mbele

Alhamisi iliyopita tulimzika Mama Tatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Ng'ambo ya Tabora, na wanawe wakanituma mimi nikanunue sanda. Wana sababu. Wanajua maradhi yangu ya dukani: sinunui hata kiberiti bila kuuliza kimetoka wapi na nani kakileta. Nikaenda duka la kona, ambalo siku hizi linaendeshwa na mjukuu wa Mzee Farjala, msichana mpole mwenye miwani. Akanitolea mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri: sanda imeshakatwa, pamba imo, kafuri imo, mpaka glavu za waoshaji zimo. "Bibi, hii ni seti kamili, huna haja ya kupimiwa," akasema. Nikamwambia afungue mlango wote, maana alikuwa ameegesha ubao mmoja kukinga jua, kisha ashushe jora anipimie mita kumi palepale mezani, wapita njia wakiona. Akacheka kidogo, akatii kama vijana wanavyomtii bibi asiyebishika. Hakujua kwamba meza aliyoegemea kiwiko ndiyo iliyomfunga babu yake, na kwamba aliyemfungisha ni mimi.

Ulikuwa mwaka wa foleni. Sisi tuliouishi hatuuiti kwa tarakimu. Tunasema tu mwaka ule, na mwenzako wa rika anakuelewa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kidato cha nne nimemaliza, masomo ya siasa nimeyashika kichwani kama Fatiha, na binti yangu Mwanne yuko mgongoni, ana miezi minane. Mume wangu Idi alikuwa fundi wa reli, kapelekwa njia ya Mpanda, anarudi nyumbani mara moja kwa miezi miwili akinuka grisi. Kwa hiyo tulikuwa wanawake wawili na nusu katika nyumba ya vyumba viwili: mimi, mtoto, na mama mkwe wangu, Bi Nyamizi. Hasira niliyokuwa nayo mwaka ule siwezi kuieleza vizuri mpaka leo. Si hasira ya mtu mmoja. Ilikuwa kama jipu ambalo halijajua litokee wapi, na kila aliyepita karibu aliligusa.

Foleni zenyewe hazikuwa za watu, zilikuwa za mawe. Mtu anapanga jiwe lake mbele ya duka la ushirika tangu jana, anakwenda kupika, anarudi kulikuta jiwe limemshikia nafasi. Langu lilikuwa kipande cha jiwe la kusagia, lina bonde katikati, kila mtu alilijua. Asubuhi moja tukasikia sabuni imeshuka. Jiwe langu lilikuwa la kumi. Nilipofika dirishani, muuzaji akasema bila kuniangalia, "Imekwisha, mama." Nikamwuliza inakwishaje wakati walionitangulia ni tisa tu na kila mmoja kapewa mche mmoja. Akasema imekwisha ni imekwisha. Nikazunguka nyuma ya jengo, nikaona kwa macho yangu mawili mkokoteni wenye makatoni manne unaingia uani kwa Mzee Farjala.

Kwa Mzee Farjala palikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa duka: kiberiti, chumvi ya mawe, mafuta ya taa siku yakiwapo, na yeye mwenyewe na kofia yake safi akisema "hakuna" kwa sauti ya huruma. Wa nyuma ulikuwa wa uani. Ukibisha huko ulisema, "Nimekuja kuomba maji ya kunywa," nawe unapewa maji kweli, kwenye kikombe cha bati, na ukishakunywa unaulizwa unataka nini kingine. Vitu vyote vilikuwapo, kwa bei ya mara tatu. Mji mzima ulikuwa na kiu.

Nilirudi mbele ya ile foleni nikawaambia watu, kwa sauti ambayo hata sasa nikiikumbuka naona aibu kidogo, kwamba kuanzia siku ile mimi na nyumba yangu hatutakula, hatutavaa wala hatutaoga kitu kilichopita mlango wa nyuma. Nikaapa mbele yao wote. Mwanne akaanza kulia mgongoni. Mama Tatu, ambaye jiwe lake lilikuwa nyuma ya langu, akasema, "Haya, Mama Msimamo, ukimaliza kuapa nishikie na jiwe langu, nikaangalie maharage yangu jikoni." Watu wakacheka mpaka muuzaji akachungulia. Jina likanibaki.

Mama Tatu alikuwa Mzaramo, aliletwa Tabora na mume wa reli kama wangu, na Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya pwani. Mtani hana adabu na huruhusiwi kumkasirikia. Basi kila jioni, wakati moshi wa jiko lake na langu unachanganyika juu ya ukuta, alikuwa akiniita: "Mama Msimamo, leo mmepika nini? Msimamo wa karanga au wa nazi?" Nami nilikuwa nafua nepi kwa majani ya mpapai na maji ya majivu, vidole vimechanika, na mtoto mapaja yamewiva kwa vipele. Uji tulitia asali, hiyo kwetu haijawahi kuadimika, lakini asali haifui nguo. Usiniulize kama nilijiuliza. Nilijiuliza kila nilipomfungua nepi yule mtoto. Kuapa niliapa mimi. Vipele vilimtoka yeye.

Bi Nyamizi hakunisifu. Siku ile ya kiapo alinisikiliza nikisimulia huku anachambua mchele kwenye ungo, kisha akaniuliza, "Umeapa mbele ya watu. Umefikiri utafanya nini siku hamu itakapokushika kooni?" Nikasema hamu haitanishika. Akasema, "Aa," basi.

Yeye alikuwa na sheria zake za kununua, za zamani kuliko Azimio la Arusha na kuliko mimi. Miaka yake yote ya nguvu aliuza vitumbua, na kwake mambo yalikuwa mafupi: mwenye kitu awe amekubali kukitoa, na kitu kiwe kinaweza kufunuliwa. Alisema, "Ukiona muuzaji anafunika, jua kuna anachomficha mtu. Kama si wewe, ni mwingine." Baba yake alikuwa mpagazi. Alibeba majora ya marikani begani kutoka pwani hadi Unyanyembe, miezi mitatu njiani, yeye mwenyewe kiunoni kafunga ngozi. Na wenzake walioanguka njiani walifukiwa bila hata kipande cha nguo waliyokuwa wamebeba. Kwa sababu hiyo Bi Nyamizi alikuwa na jambo moja tu la anasa. Ndani ya sanduku lake la bati, mvunguni mwa kitanda, aliweka sanda yake mwenyewe, marikani aliyoinunua kwa jasho la vitumbua, imekunjwa na kafuri. Kila mwaka, kabla ya mfungo, aliitoa na kuianika ndani kwenye kamba, kutoka kitanda chake hadi msumari wa dirisha. Chumba kizima kilijaa weupe na ile harufu. Mimi nilikuwa napita nimeinama, nimemziba Mwanne uso. "Usiiogope," alikuwa akiniambia, "nguo tu hiyo. Inanisubiri, haikusubiri wewe."

Kisha kaka yake Mama Tatu akafa ghafla, alikuwa kaja kumtembelea dada yake, na mji mzima hauna bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda. Wanaume walikwenda huku na huku wakarudi mikono mitupu, ikawa inasemwa barazani azikwe na pazia. Bi Nyamizi alinyanyuka kwenye mkeka, akaenda chumbani akichechemea, nikasikia bawaba za sanduku. Akatoka na sanda yake mikononi akaiweka mbele ya Mama Tatu. "Mtani, mpe kaka yako. Mimi bado natembea." Mama Tatu hakuweza kutania.

Miezi miwili baadaye Bi Nyamizi hakutembea tena. Kifua kilimbana wakati wa kiangazi, vumbi la barabara likiingia mpaka kwenye chungu cha maji. Alilala chali, akasikiliza, na kila nilipopita aliufuata mkono wangu kwa macho. Adhuhuri moja akaniambia nikae. "Sanda yangu imekwenda na sijutii. Mwanao hayupo," hivyo ndivyo alivyomtaja Idi kwangu akitaka kunitania, "kwa hiyo nakuusia wewe. Nikifa, usiende kuomba maji kwa Farjala. Nilimlea kwa vitumbua yule, namjua. Nisivishwe kitu kisichoweza kuuzwa mbele ya watu. Umesikia, mkamwana?" Nikasema, nimesikia, Mama. Nilisema haraka sana, kama mtu anayekubali kushika chombo cha moto kabla hajaona ni cha moto.

Tangu siku ile sikupata usingizi wa kweli hata mchana. Nilikuwa nasikiliza vitu viwili: pumzi yake, na habari za bafta. Utaratibu ulikuwa hivi: sanda iliuzwa duka la ushirika kwa kibali cha katibu wa kata, na kibali kilitolewa kwa aliyefiwa. Nikaenda ofisini, mtoto mgongoni. Katibu alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, moja nyekundu.

"Ndugu Katibu, naomba kibali cha sanda."

"Pole, mama. Marehemu anaitwa nani?"

"Nyamizi. Mama mkwe wangu."

"Amefariki lini?"

"Bado."

Akaweka kalamu chini. "Bado?"

"Anaumwa sana. Na kitambaa kikiisha itakuwaje?"

"Mama, hapa tunaandikia waliokufa. Akifa, njoo."

"Na nikija kikawa kimekwisha?"

"Hiyo sasa si kazi ya ofisi hii," akasema, na hakuwa na ubaya wowote usoni. Ndilo lililonikera zaidi.

Nilikwenda mara tatu hivyo. Ya nne ilikuwa siku niliyosikia kisimani kwamba jora moja la bafta limeshuka na tayari limeliwa nusu. Asubuhi ile Bi Nyamizi alikuwa hajafumbua macho. Pumzi ilikuwa inakwenda, inasimama, mimi nahesabu, inarudi. Nikamwachia mtoto wa jirani amwangalie, nikakimbia. Katibu hakuinua kichwa. "Amefariki lini?" akauliza, kama mtu anayemalizia mazungumzo ya jana.

"Alfajiri," nikasema.

Sikulipanga. Nisikudanganye, neno lilitoka laini tu. Akasema pole, akaandika kwa kalamu nyekundu kwenye daftari, akagonga muhuri. Dukani nikapewa mita kumi, nikaona ubao wa ndani ya jora ukitokeza, limekwisha. Nilikuwa nimenunua mlango wa mbele, kwa kibali, kwa bei ya serikali. Nikaifunika kikapuni kwa mchicha, nikaenda nyumbani kwa njia ya uchochoroni. Leo najiuliza: kama ilikuwa ya mlango wa mbele, mchicha ulikuwa wa nini?

Nilimkuta Bi Nyamizi amekaa, kaegemea ukuta, anataka uji. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Nikamkorogea uji wa ulezi, nikakaa naye namlisha kijiko kwa kijiko, kikapu nimekisukuma nyuma ya mlango. Ndipo tukasikia uani mlio wa fimbo, na kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha Bi Nyamizi hasa, kile cha kuanza juu na kuishia puani. Na sauti yake: "Nani kafungua sanduku langu? Wewe mkamwana, sufuria hii umeiosha au umeionyesha maji tu? Idi yuko wapi? Mpanda, Mpanda, kuna mwanamke huko Mpanda." Nikachungulia. Mama Tatu alikuwa katikati ya uani, kajifunga khanga kichwani kama Bi Nyamizi, kakunja mgongo, anachechemea na fimbo, na nyuma yake wanawake wasiopungua kumi, mikeka kichwani, wanalia na kucheka, machozi kwa vicheko, kama watani wanavyofanya msibani tangu dunia iwe dunia. Habari ilikuwa imetoka duka la ushirika ikanitangulia.

Nilitaka ardhi inimeze. Bi Nyamizi akameza uji uliokuwa mdomoni, akasema kwa ile sauti yake mbovu, "Mama Tatu. Mguu wangu mbaya ni wa kushoto."

Fimbo ilianguka. Mikeka ikaanguka. Wawili walikimbia mpaka barabarani, na mmoja alikuwa mnene kuliko wote. Mama Tatu alibaki amesimama kwenye mguu wake wa kulia, ule aliokuwa akiuchechemeza, kisha akakaa chini vumbini akaanza kulia kilio cha kweli. "Mtani, mbona wamesema umekufa? Dukani wamesema umekufa alfajiri na sanda yako imeshachukuliwa. Na pale nimemwacha mama mmoja wa mtaa wa Cheyo, kibali mkononi, maiti ya mama yake mzazi iko ndani tangu jana, anaambiwa ya mwisho imechukuliwa kwa ajili ya Bi Nyamizi."

Hakuna aliyenitazama isipokuwa mmoja. Bi Nyamizi aliniangalia muda mrefu, uji ukiwa umemtiririka kidevuni, na mimi sikuthubutu kumfuta. "Kiko wapi?" akauliza. Nikatoa mchicha, nikaitoa bafta. Hakuigusa.

"Nilipita mlango wa mbele, Mama," nikasema.

"Ulipita. Lakini ulifunika," akasema. "Na kina mwenyewe. Mpelekee, maiti hasubiri."

Nilikwenda Cheyo kwa miguu, jua la saa nane, Mwanne mgongoni, bafta mkononi. Niliomba njia nzima nisikute wameshazika. Sikukuta. Waoshaji walikuwa mlangoni, na kwenye kizingiti alikaa mwanamke wa rika langu, naye ana mtoto mgongoni, anashona khanga mbili pamoja kwa sindano ya mkono. Nikamwambia, "Hii ni yako, imetoka dukani." Nilikusudia kuendelea. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani: mimi ndiye niliyedanganya, mimi ndiye niliyekuchukulia. Lakini yule mwanamke akanishika mikono yote miwili akaniwekea paji la uso juu yake, akasema Mungu akulipe, dada yangu, Mungu akustiri kama ulivyomstiri mama yangu. Nikanyamaza. Nikapokea ile dua. Katika yote niliyoyafanya mwaka ule, hilo la kupokea dua ndilo sijawahi kulisema mbele ya mtu, nalisema hapa.

Kesho yake nilikwenda kwa katibu, nikamweleza ukweli mbele ya waliokuwa kwenye benchi, wakasikia wote. Nilidhani nitafungwa. Alicheka mpaka akavua miwani. "Daftari haliandikwi kwa penseli, mama. Mimi nina uwezo wa kumwandika mtu amekufa. Uwezo wa kumfufua sina. Na nakala iko dukani. Mshukuru Mungu, nenda nyumbani."

Bi Nyamizi alifariki mvua za kwanza, siku ya Jumatatu, asubuhi, kimya, ameshika kidole cha mguu cha Mwanne aliyekuwa amelala miguuni pake. Nilipeleka simu ya upepo Mpanda, nikaenda ofisini. Sasa nilikuwa na maiti wa kweli na machozi ya kweli. Katibu alifungua daftari, akaligeuza nilione mwenyewe: Nyamizi, mita kumi, muhuri. "Ningekuandikia," akasema taratibu, safari hii hakucheka, "lakini dukani watasema tulishampa. Na isitoshe hawana." Akatazama dirishani. "Si mwende tu pale kwa Mzee. Watu wote wanakwenda."

Nyumbani nilikuta mikeka imetandikwa tena, na watani wale wale, ila hakuna aliyeigiza. Mama Tatu alinivuta jikoni. "Sikiliza, Mama Msimamo. Nenda kwa Farjala. Gonga, omba maji, unywe, umalize. Hakuna atakayekuuliza."

"Aliniusia."

"Najua alichokuusia. Mimi ndiye niliyemlia sanda yake, unafikiri sijui?" Akafuta pua kwa pindo la khanga. "Lakini jua limetoka, mwenzangu. Waoshaji wameshateka maji."

Kati ya nyumba yetu na kwa Farjala palikuwa na uchochoro. Ukikata kushoto unafika uani kwake, ukinyoosha unatokea dukani. Nilisimama pale penye njia panda. Nakumbuka kulikuwa na kuku mmoja ameloa. Niliogopa kwamba nitamzika mama wa mume wangu na khanga kuukuu, na Idi atakuja kesho aniulize nilishindwaje kitu kidogo hivyo. Niliogopa kwamba msimamo wangu ni kiburi tu kilichovishwa maneno ya darasani. Nikanyoosha.

Barazani kwake walikuwa wazee wawili wanacheza bao, na mgambo mmoja amesimama, anasubiri chenji ya kiberiti.

"Shikamoo, Mzee Farjala."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba. Ndiyo nilikuwa najitayarisha nije."

"Tumeshapoa. Nimekuja kununua bafta. Mita kumi."

Kete za bao zikasimama. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyetukana mbele ya wageni. "Bafta hakuna, mwanangu. Miezi sasa." Kisha akainama mbele, karibu na sikio langu. "Zunguka ukaombe maji. Sitaki kitu kwako. Kwa Bi Nyamizi ni sadaka."

"Maji nimekunywa nyumbani," nikasema, na sikuishusha sauti. "Aliusia asivishwe kitu kisichoweza kuuzwa mbele ya watu. Kama ipo, mzee wangu, iweke mezani. Kama haipo, tutamfunga khanga zake."

Akavua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa. "Vitumbua vyake ndivyo nilivyoanzia kazi," akasema, sijui akimwambia nani, mimi au wale wazee. "Nilikuwa nafunika sinia kwa sababu ya nzi. Ananichapa kidole. Funua, anasema, watu waone wanachonunua." Akaingia ndani. Tulisikia kitu kizito kikiburutwa. Akarudi na jora zima begani, akalitua mezani, vumbi likaruka. Akapima kwa mita yake ya mti, moja, mbili, taratibu, kila mkunjo akiunyoosha kwa kiganja, mpaka kumi. Akakata. Akataja bei ya serikali, ile iliyobandikwa ukutani, akaniandikia stakabadhi. Mgambo akachukua kiberiti chake akaondoka bila chenji.

Tulimzika alasiri. Siku ya tisa askari wakaja kumkagua Mzee Farjala. Walitoa makatoni uani mpaka yakajaa gari, wakaondoka naye, na mlango wa mbele wakaupiga muhuri wa lakiri nyekundu. Sikujua aliyesema ni nani; inaweza kuwa yule mgambo, inaweza kuwa yeyote. Lakini jora lililoonekana, mimi ndiye niliyetaka lionekane. Nilikuwa mwaka mzima nikitamani akamatwe. Nilipoyaona makatoni yale ya sabuni juu ya gari nilisubiri hasira yangu ishangilie, haikushangilia. Jioni ile Mama Tatu hakuniuliza tumepika nini.

Alikaa gerezani miezi. Siku moja nikakutana naye njiani, kanzu imempwaya, kofia ni ile ile safi. Nikamwamkia, akaitika kama zamani. Akatazama kikapu changu. "Siku nyingi hujaja kununua kitu, mwanangu."

"Duka si limefungwa, mzee wangu."

"La mbele ndilo lililofungwa," akasema, akaendelea na safari yake.

Sikwenda la nyuma. Sikwenda hata siku moja, na sijui tena kama nilistahili kujivunia. Niliyemtaka afunue ndiye aliyefungwa kwa kufunua, na mimi nikabaki msafi.

Yule msichana wa miwani alimaliza kupima Alhamisi, akakata, akauliza, "Bibi, nikufungie kwenye mfuko?" Nikamwambia hapana. Niliitandaza sanda ya Mama Tatu juu ya mikono yangu yote miwili, nikapita nayo barabara kubwa hadi msibani, haijafunikwa.